Kinanda Kilichofundisha Watu Kuruka

Mwezi uliopita nilikwenda Tabata kumsalimia dada yangu, nikakuta meza ya chakula imefungwa usukani. Si ule wa plastiki wa kununua dukani. Ni usukani wa Fuso, mweusi, mpana kama sinia, umelika pale mkono wa kulia unapokaa, umekazwa kwenye ubao kwa boliti nne. Chini ya meza kulikuwa na pedali tatu zilizotoka kwenye magari mawili tofauti. Juu ya meza, kompyuta ya zamani na gemu la malori. Mpwa wangu, kijana wa miaka 19, alikuwa anateremka mlima kwenye skrini huku jasho linamtoka.

"Shikamoo mjomba," akasema bila kugeuka. "Nisubiri kidogo, nina mzigo."

Mimi nilicheka. Dada yangu hakucheka. "Ndiyo kazi yake hiyo tangu amalize shule," akaniambia. "Sisi siku hizi tunakula mkekani."

Usukani ule una historia yake. Shemeji yangu aliendesha malori ya Dar es Salaam kwenda Tunduma kwa miaka mingi, hadi presha ya macho ilipomnyang'anya jicho la kushoto, na leseni ikafuata. Lori lake la mwisho mwenyewe aliliuza kwa kilo, kama skrepa. Shemeji alikwenda Gerezani kwa miguu yake akauomba usukani. Ukakaa uvunguni miaka minne, hakuna aliyejua atakuja kuufanyia nini, mpaka mtoto alipoukuta.

Sasa mimi ni mwandishi wa habari, na ugonjwa wa kazi yetu ni kutaka kujua nani alianza. Usiku ule nilikaa na simu nikitafuta ni nani wa kwanza kuchukua spea za kitu halisi akajenga kitu cha kuiga. Nilidhani nitakuta maabara ya jeshi, au chuo kikuu chenye bustani kubwa. Nikakuta pipa. Na baada ya pipa, kiwanda cha vinanda.

Tuanze na pipa. Mwaka 1909 na 1910, ndege bado ni kichekesho cha mbao na kitambaa, kampuni ya Kifaransa ya Antoinette ilikuwa na tatizo: ndege zake ziliongozwa kwa magurudumu mawili ya mkono, moja kila upande wa rubani, na kuyazoea ilikuwa kazi. Huwezi kumpandisha mtu hewani ili ajifunze polepole, kwa sababu huko juu hakuna polepole. Basi wakachukua nusu mbili za pipa, wakazipanga moja juu ya nyingine ili ya juu iweze kuyumba, wakamketisha mwanafunzi juu yake na magurudumu yake mawili. Wenzake wakasimama pembeni wakilisukuma pipa huku na huku. Kazi yake ilikuwa kuzungusha magurudumu mpaka arudi sawasawa. Ni mchezo wa watoto kabisa, lakini mchezo huo ulikuwa na faida moja kubwa: aliyekosea alianguka kutoka kwenye pipa, akajipangusa vumbi, akapanda tena.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo zima. Anayejenga mashine ya kuiga hatafuti kudanganya macho tu. Anatafuta mahali ambapo kosa halina mazishi.

Miaka kumi baadaye anatokea Edwin Link. Alizaliwa 1904 huko Indiana, Marekani, akakulia mji wa Binghamton, jimbo la New York, ambako baba yake alinunua kiwanda cha vyombo vya muziki kilichokuwa kimefilisika na kukigeuza kuwa Link Piano and Organ Company. Kiwanda kilitengeneza vinanda vya kujipiga vyenyewe vilivyokula sarafu, na vinanda vikubwa vya majumba ya sinema. Enzi hizo sinema zilikuwa bubu, na kinanda ndicho kilicholia, kilichotisha, kilichobisha hodi kwa niaba ya picha.

Mwaka 1920, kijana Edwin akiwa na miaka 16, alilipa dola 50 kwa somo lake la kwanza la urubani, kwenye kiwanja cha Sydney Chaplin, kaka wa yule Charlie Chaplin wa vichekesho. Dola 50 za wakati ule zilikuwa fedha nzito. Akapandishwa ndege, akazungushwa, akapinduliwa, akarudishwa chini. Usukani hakuugusa hata mara moja. Yaani alilipa ada ya shule akageuzwa abiria.

Nikisoma habari hii nilimkumbuka kila konda niliyewahi kumjua aliyejifunza kuendesha kwa kuangalia mkono wa dereva, kwa sababu hakuna aliyekubali kumpa gari la watu ajifunzie. Tatizo la Link halikuwa la Kimarekani. Ni tatizo la kila anayependa chombo asichoweza kukimiliki. Chombo ni ghali, mafuta ni ghali, muda wa mwalimu ni ghali, na uhai ndio ghali kuliko vyote. Utajifunzia wapi?

Link aliendelea kujifunza kwa kubahatisha, saa moja moja, hadi akawa rubani. Lakini ile dola 50 haikumtoka rohoni. Mwaka 1927 akaanza kujenga kitu chini ya kiwanda cha baba yake, akitumia vilivyokuwepo. Na vilivyokuwepo vilikuwa nini? Mivukuto, vali, mirija ya mpira na pampu za hewa.

Ngoja nieleze kinanda cha kujipiga kinavyofanya kazi, maana bila hivyo hadithi haina ladha. Ndani yake kuna karatasi ndefu yenye matundu. Karatasi inapita juu ya safu ya vitundu vya hewa. Tundu la karatasi likikutana na kitundu cha hewa, vali inafunguka, pampu inafyonza hewa kwenye mvukuto mdogo, mvukuto unajikunja, na ule kujikunja ndiko kunakopiga noti. Umeme unazungusha pampu tu. Kazi nyingine yote inafanywa na pumzi. Fundi wa vinanda vile ni mtu anayejua kuigeuza hewa kuwa mkono.

Link akajiuliza: kama mvukuto unaweza kupiga noti, kwa nini usimwinue mtu? Akaunda boksi la mbao lenye umbo la ndege ndogo, mabawa mafupi kama ya kuku, ndani mna kiti, fimbo ya kuongozea na pedali. Boksi likakaa juu ya kiungo kinachoinama pande zote, chini yake mivukuto. Mwanafunzi akisukuma fimbo kushoto, vali inafunguka, hewa inafyonzwa kwenye mvukuto wa kushoto, unajikunja, ndege inalala kushoto. Akivuta fimbo, pua inanyanyuka. Kwa kuzunguka, alitumia mota iliyotengenezwa kwa mivukuto midogo iliyosukumana kwa zamu. Mashine yote ilihema. Ukisimama pembeni yake unasikia kama kinanda kisicho na sauti.

Kazi hiyo ilimchukua karibu mwaka na nusu. Aprili 1929 akaomba hataza, akaipata 1931. Jina aliloliandika kwenye maombi yake nimelisoma mara tatu: ni kifaa cha pamoja, cha kuwafundishia wanafunzi wa urubani na cha burudani. Yote mawili, kwenye sentensi moja. Mtu huyu hakujua bado kama amejenga shule au bembea. Na soko lilimjibu haraka: bembea. Jeshi halikuitaka. Shule za urubani zilimwona mtani. Walioinunua ni wenye viwanja vya burudani, ambako watu walitumbukiza sarafu wakayumba dakika chache wakacheka wakaondoka. Wakati huohuo sinema zilikuwa zimeanza kuongea, majumba ya sinema hayakuhitaji tena kinanda, na biashara ya baba ikawa inazama. Kinanda kilikuwa kinakufa, na mapafu yake yalikuwa yanayumbisha watoto kwa sarafu.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo nilipomkumbuka dada yangu na meza yake. Mama yeyote wa Binghamton mwaka 1930 angeweza kusema aliyoyasema yeye: mtoto anapoteza muda kwenye mchezo. Na angekuwa na ushahidi.

Kisha ikaja baridi ya 1934. Februari mwaka huo Rais Roosevelt alivunja mikataba ya kampuni za ndege zilizobeba barua, kwa tuhuma za upendeleo, akalikabidhi jeshi la anga kazi hiyo. Marubani wa jeshi walikuwa vijana hodari, lakini wengi walizoea kuruka mchana, wakiiona ardhi. Barua zilisafiri usiku, kwenye theluji, kwenye ukungu. Ndani ya wiki ya kwanza tu watano walikufa. Zoezi zima lilidumu miezi michache tu, na waliokufa walizidi kumi.

Waliwaua nini? Si ujinga wa kushika usukani. Ni mwili. Mtu akiwa ndani ya wingu haoni upeo, na sikio la ndani, lile linalotupa mizani ya kusimama, linaanza kumdanganya. Ndege ikizunguka taratibu kwa muda, sikio linazoea na kusema: tuko sawa. Rubani akiirudisha sawa kweli, sikio linapiga kelele: tunalala upande wa pili! Naye anamtii rafiki yake wa tangu kuzaliwa, anaigeuza ndege, na kushuka nayo akiamini yuko wima. Dawa ilikwishajulikana. Septemba 1929 Jimmy Doolittle alipaa, akazunguka na kutua kiwanja cha Mitchel Field, New York, akiwa amefunikwa asione nje, akisoma mita peke yake. Kilichokosekana ni mahali pa kuwafundisha mamia ya vijana utii huo kwa mita bila kuwaua.

Mahali hapo palikuwa kwenye viwanja vya burudani, panakula sarafu.

Inasimuliwa kwamba maofisa wa jeshi walipanga kukutana na Link kiwanja cha Newark, siku yenyewe ikawa na ukungu mzito. Walipokuwa wanajiandaa kuondoka, kwa kuwa hakuna mwenye akili angeruka siku hiyo, ndege yake ikatokea kwenye ukungu ikatua. Aliruka kwa mita, kama alivyojifunza na kufundisha. Baada ya hapo maneno hayakuhitajika mengi. Mwaka huo jeshi lilinunua mashine sita, kila moja dola 3,500. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, zilitengenezwa zaidi ya 10,000. Zilipakwa rangi ya buluu na mabawa ya njano, na marubani waliziita boksi la buluu. Zaidi ya wanaanga nusu milioni wa upande wa Marekani na washirika wake walipita humo. Juu ya kichwa cha mwanafunzi kilishushwa kifuniko, akabaki gizani na mita zake. Nje, mwalimu alikaa mezani akitazama kidude chenye magurudumu matatu kikitambaa juu ya ramani na kuchora kwa wino njia ambayo mwanafunzi anadhani anaipita. Kidude hicho kiliitwa kaa. Mwanafunzi alifunguliwa kifuniko, akaonyeshwa mstari wa kaa, akajua kwamba ameshazika watu kumi mlimani. Kisha akafunikwa tena.

Kuna jambo moja lilinisumbua katika hadithi hii, na sikulimaliza usiku ule.

Wanaojenga simuleta za nyumbani leo, kuanzia Wazungu wanaonunua pua nzima ya Boeing 737 iliyostaafu na kuiingiza gereji, hadi huyu wetu wa Tabata, wote wana imani moja: spea halisi ndiyo yenye ukweli. Plastiki ni nyepesi, haina kumbukumbu. Usukani uliowahi kushikwa kwenye barabara ya kweli unajua kitu. Mpwa wangu aliniambia hivyo kwa maneno yake: "Mjomba, huu ukiushika unanyamaza." Namwelewa.

Lakini boksi la Link lilifundisha kinyume chake. Lilimfundisha rubani asiamini anachokihisi. Mwili unasema hivi, sindano inasema vile, sikiliza sindano. Tena kule kuyumba kwenyewe hakukuwa sawa na kwa ndege: boksi liliweza kuinama, halikuweza kumkandamiza mtu kitini kama ndege inavyofanya inapokata kona. Kwa hiyo mashine ilikuwa na uongo wake. Bado ikaokoa watu. Kumbe swali si kama kuiga kunafanana na ukweli. Swali ni kipande gani cha ukweli kimechaguliwa, na kimeachwa kipi.

Na kilichoachwa hakisahau. Link baadaye aliacha anga akageukia bahari, akajenga vyombo vya kuwapeleka wapiga mbizi chini sana. Juni 1973, karibu na Key West, Florida, kimoja cha vyombo hivyo, Johnson Sea Link, kilinaswa kwenye mabaki ya meli iliyozamishwa. Kilikaa chini zaidi ya siku nzima kabla ya kuvutwa juu. Wawili kati ya wanne waliokuwemo walikufa kwa hewa chafu. Baridi ya kina kile ilikuwa imeidhoofisha kemikali ya kuisafisha. Mmoja wao alikuwa Edwin Clayton Link, miaka 31, mtoto wake. Mtu aliyewapa vijana nusu milioni mahali pa kukosea bila kufa, mwanawe alifia mahali ambapo hakuna kurudia. Link mwenyewe alifariki 1981. Baada ya ajali ile alitumia miaka akitafuta njia za kuokoa vyombo vilivyonaswa chini ya maji.

Jumapili iliyofuata nilirudi Tabata. Nilitaka kuona kazi ya kijana kwa macho yasiyo na haraka. Akanifungulia ubao. Pedali ya mafuta ilitoka kwenye gari dogo la Kijapani, lile la aina ambayo mafuta hayavutwi kwa kebo. Ndani ya pedali mna kihisi kinachotoa umeme mdogo, na kadiri unavyokanyaga ndivyo volti zinavyopanda. Akaziingiza volti hizo kwenye kadi ya kielektroniki ya ukubwa wa kidole gumba, na kadi inaiambia kompyuta: mimi ni usukani wa gemu. Breki na klachi, ambazo hazina kihisi, alizifunga voliumu za redio mbovu alizopewa na fundi wa mtaani. Ukikanyaga, ni kama unaongeza sauti. Mota ya waipa inauzungusha usukani urudi katikati. Lehemu yake mbaya, sitaki kumsifia uongo, lakini inashika.

"Na hii mipira?" nikauliza. Kulikuwa na vipande vya tyubu ya baiskeli vimefungwa kwenye mhimili.

"Hiyo ni ya baba," akasema. "Alisema usukani ni mwepesi mno."

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, uso ameugeuza kidogo kama anavyofanya siku hizi ili jicho zima lipate nafasi. Nilikuwa nadhani hajali. Kumbe wiki nzima alikuwa anasikiliza. Kijana akaanza kuteremka mlima wake. Mlima wenyewe uko Ulaya, ila yeye anauita Kitonga. Akawa anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga.

"Breki yako haichoki," shemeji akasema.

"Haichoki vipi, baba?"

"Umeikanyaga tangu juu. Kitonga ya kweli sasa hivi ungekuwa unasikia harufu, kisha ukikanyaga hupati kitu. Gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Huyo rafiki yako wa kwenye kompyuta hakufundishi hilo. Anakufundisha ufe."

Kimya kidogo. Dada yangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Nikasubiri kijana akasirike. Hakukasirika. Alisimamisha lori, akachukua daftari.

"Inachukua dakika ngapi kuchoka?" akauliza.

Wakaanza. Baba anataja uzito wa mzigo, urefu wa mteremko, namna pedali inavyozama chini ya mguu kabla ya kufa. Mtoto anaandika. Usiku huo akaibadilisha programu ya ile kadi: ihesabu muda wa breki kukanyagwa, na ukizidi, nguvu inayokwenda kwenye kompyuta ipungue, hata ukanyage kwa miguu miwili. Alinipigia simu siku tatu baadaye kuniambia imefanya kazi. Ameanguka mara sita kwenye kona ileile. Mara ya saba akateremka kwa gia ya tatu, mguu mbali na breki, mpaka chini.

"Baba amesemaje?"

"Amesema nirudie nikiwa na mzigo kamili."

Nikamuuliza meza je. Akasema mama ameuliza bei ya mbao.